Uwiano wa Opsheni Umepanda, VIX Imetulia: Kipi Kinaonyesha Mwelekeo wa Soko la Hisa?

Swali la msomaji:

"Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba katika mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500 ya Marekani (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi), kupitia dalali wa nje ninayemtumia kwa simu. Mwaka huu nilijiunga na kundi la mafunzo ambako mwalimu anatufundisha kusoma soko la opsheni. Kanuni zake ni tatu: uwiano wa opsheni za kuuza kwa za kununua ukizidi 1, watu wana hofu, kwa hiyo nunua, VIX (kipimo cha mtikisiko wa soko hilo) ikipita 30, soko limefika chini kabisa, nunua zaidi, VIX ikishuka chini ya 13, watu wamebweteka, uza. Hivi karibuni niliona uwiano umefika 1.15 huku VIX ikiwa 15 tu. Kipi kinasema kweli? Na je, viashiria hivi vinaweza kunionyesha mwelekeo wa hisa zangu chache za Nairobi? Ninauliza kwa sababu ninafikiria kuchukua mkopo wa SACCO ili ishara inayofuata ikitokea ninunue opsheni za kununua."

Ndugu msomaji, umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na la mkopo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, lakini siwezi kulijibu vyema kabla ya kueleza namba ulizoziona zinapima nini. Uwiano na VIX vyote vilikuwa vikisema kweli, kila kimoja juu ya jambo lake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kikikuambia soko linaelekea wapi. Soko la opsheni hutuonyesha watu wanalipa kiasi gani ili kujikinga au kubahatisha. Mwelekeo wa hisa husomwa kwanza katika bei za hisa zenyewe, kisha viashiria vya opsheni hutusaidia kujua mwelekeo huo umebeba hofu kiasi gani. Mwalimu wenu amechukua chembe ya ukweli iliyo katika kila kiashiria akaigeuza kuwa amri ya kununua na kuuza, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Opsheni ni mkataba unaompa mwenye nao haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa hadi tarehe fulani. Soko rasmi la opsheni za hisa lilifunguliwa Chicago tarehe 26 Aprili 1973, likiwa na opsheni za kununua za kampuni 16 tu. Opsheni za kuuza ziliongezwa mwaka 1977. Kwa kawaida mkataba mmoja wa Marekani unahusu hisa 100. Anayemiliki hisa akanunua opsheni ya kuuza amekata bima: bei ikianguka, anayo haki ya kuuza kwa bei ya juu iliyoandikwa katika mkataba. Aliyemuuzia amesimama mahali pa kampuni ya bima. Anapokea malipo sasa na kubeba hasara ya baadaye ikitokea. Ninakuomba uwakumbuke watu hawa wawili katika yote yanayofuata, kwa sababu kila mkataba unaohesabiwa una mnunuzi na muuzaji, na makosa mengi ya kusoma viashiria hutokana na kumsahau mmoja wao.

Tuanze na uwiano. Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya opsheni za kuuza zilizobadilishana mikono siku hiyo hugawanywa kwa idadi ya opsheni za kununua. Wachambuzi wa Marekani, akiwemo Martin Zweig, waliutumia kama kipimo cha hisia za umati, wakiamini kwamba hofu inapokuwa nyingi mno wauzaji huwa wamekwisha kuuza, na kinachobaki ni wanunuzi kurejea. Wazo hilo lina msingi. Tatizo ni kwamba kuna uwiano zaidi ya mmoja, na kila mmoja una kawaida yake. Uwiano wa opsheni za hisa za kampuni moja moja, ambako wawekezaji wadogo hupenda kununua opsheni za kununua, kwa kawaida huzunguka 0.6 hadi 0.7. Uwiano wa opsheni za fahirisi kama S&P 500 mara nyingi huwa juu ya 1 hata siku ya utulivu kamili, kwa sababu mifuko ya pensheni na taasisi nyingine kubwa hununua kinga hizo kama sehemu ya kazi yao ya kila mwezi. Uwiano wa jumla huchanganya makundi haya mawili. Kwa hiyo kanuni ya "ukizidi 1, nunua" haiwezi kuwa na maana moja mpaka mwalimu aseme anautazama uwiano upi, na wewe pia unapaswa kuangalia uliousoma ulikuwa upi.

Hata ukijua ni upi, bado idadi hiyo haikuambii mkataba ulifunguliwa au ulifungwa, wala ni nani aliyeuanzisha. Chukua mfano wa mfuko mkubwa unaouza opsheni za kuuza kwa sababu una imani na soko na unataka kupokea malipo yake. Mauzo hayo yanahesabiwa upande uleule wa "hofu". Mfuko mwingine unaofunga kinga ya mwezi huu na kufungua ya mwezi ujao unaongeza idadi mara mbili bila kubadili msimamo wake hata kidogo. Tangu mwaka 2022, opsheni za S&P 500 zinazoisha muda siku ileile zinapatikana kila siku ya kazi, na sasa biashara yake ni sehemu kubwa ya biashara yote ya opsheni za fahirisi hiyo. Watu huzinunua asubuhi na kuziuza mchana. Viwango vya uwiano vilivyoonekana kuwa na maana miaka 20 iliyopita vilitoka katika soko ambalo kitu hicho hakikuwepo, na kwa maoni yangu hii peke yake inatosha kumfanya mtu asitumie mpaka ulioandikwa zamani kama sheria. Anayetaka kuutumia uwiano kwa uangalifu huutazama ule wa hisa za kampuni, huchukua wastani wa siku 10 au zaidi badala ya siku moja, kisha huulinganisha na historia yake ya karibuni.

VIX haihesabu mikataba. Hupima bei yake. Ilianza kutangazwa mwaka 1993, ikiwa imebuniwa na Profesa Robert Whaley kwa kutumia opsheni za fahirisi ya S&P 100, na mwaka 2003 hesabu yake ikabadilishwa ili itumie opsheni nyingi za S&P 500. Huchukua bei za opsheni za kununua na za kuuza kwa pamoja, kisha hukokotoa mtikisiko, yaani ukubwa wa kupanda na kushuka kwa soko, ambao bei hizo zinaudai kwa siku 30 zijazo, ukielezwa kwa kiwango cha mwaka. Ukitaka kuupata wa mwezi, gawanya kwa takribani 3.5, ambayo ni kipeuo cha pili cha 12. VIX ya 15 ina maana kwamba bei za opsheni zinachukulia S&P 500 itabaki ndani ya asilimia 4 na ushee, juu au chini, kwa uwezekano wa karibu theluthi mbili. VIX ya 30 inaufanya upana huo kuwa karibu asilimia 9. Zingatia maneno "juu au chini". Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo ambapo upande umetajwa.

Kwa nini basi VIX hupanda soko linaposhuka, hata watu wakaiita kipimo cha hofu? Ni kwa sababu bei zinapoanguka wenye hisa hukimbilia kinga, na wanaowauzia hudai malipo makubwa zaidi. Tena hisa zenyewe huwa na desturi ya kushuka kwa kasi kuliko zinavyopanda. Lakini mambo haya hutokea kwa wakati mmoja. VIX kwa kawaida hupanda pamoja na anguko, wala hailitangulii kwa umbali unaoweza kukupa nafasi ya kutoka.

Sasa rudi kwenye siku yako. Uwiano ulikuwa 1.15 kwa sababu opsheni nyingi za kuuza zilibadilishana mikono, na VIX ilikuwa 15 kwa sababu waliokuwa wakiziuza waliridhika na malipo ya kawaida. Kinga inapokuwa nafuu, ni jambo la busara kwa mwenye mfuko mkubwa kununua nyingi, na huenda ndicho kilichotokea. Hiyo si dalili ya umati uliojaa hofu. Hofu ya kweli huonekana pale wingi na bei vinapopanda kwa pamoja, watu wakinunua kinga bila kujali gharama yake.

Kanuni ya VIX kupita 30 ningependa tuipime kwa matukio, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukugharimu zaidi. Siku benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipoanguka, tarehe 15 Septemba 2008, VIX ilifunga juu kidogo ya 31 na S&P 500 ikafunga karibu 1,193. Aliyenunua jioni ile akiamini chini kumefikiwa alishuhudia fahirisi ikishuka hadi 676.53 tarehe 9 Machi 2009, hasara ya zaidi ya asilimia 40 kwenye karatasi. Tena VIX ilifikia kilele chake cha kufungia cha kipindi kile, 80.86, tarehe 20 Novemba 2008. Soko lilipofika chini kabisa miezi mitatu na nusu baadaye, VIX ilikuwa karibu 50 tu. Mwaka 2020 ilikuwa karibu zaidi na hadithi ya mwalimu wenu: VIX ilifunga 82.69 tarehe 16 Machi, na S&P 500 ikafika chini kabisa tarehe 23 Machi, ikifunga 2,237.40. Lakini VIX ilikuwa imepita 30 tangu mwisho wa Februari, na kati ya hapo na tarehe 23 Machi fahirisi ilipoteza karibu robo nyingine ya thamani yake. Aprili 2025 ishara ilikuwa safi kabisa: VIX ilifunga 52.33 tarehe 8, na kesho yake, baada ya tangazo la kusitisha kwa siku 90 sehemu kubwa ya ushuru mpya wa Marekani, soko likapanda asilimia 9.5 kwa siku moja.

Mwaka 2022 nao ulikwenda kwa njia yake. S&P 500 ilishuka kwa takribani asilimia 25 kuanzia mwanzoni mwa Januari hadi katikati ya Oktoba, polepole, mwezi baada ya mwezi, na VIX haikufunga hata mara moja juu ya 37. Waliokuwa wakisubiri mlipuko wa hofu ili wanunue hawakuuona. Na waliokuwa wakinunua kila ilipopita 30 walinunua mara kadhaa huku mwelekeo ukiendelea kuwa wa kushuka. Kutokana na matukio haya ninachoweza kukuambia kwa uaminifu ni kwamba VIX ya juu sana ni dalili kwamba soko limo katika msukosuko ambao, kwa mtu mwenye miaka mingi ya kusubiri, mara nyingi umekuwa wakati mzuri wa kuendelea kununua. Haionyeshi siku wala wiki ya mgeuko.

Kanuni ya kuuza VIX ikiwa chini ya 13 ni dhaifu zaidi. Katika mwaka 2017 VIX ilikaa chini ya 13 karibu muda wote, ikafunga 9.14 tarehe 3 Novemba, na S&P 500 ikapanda kwa karibu asilimia 19 katika mwaka huo. Mfuasi wa kanuni angekuwa nje ya soko karibu mwaka mzima. Ni kweli kwamba tarehe 5 Februari 2018 VIX iliruka kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja, na waliokuwa wakiuza mtikisiko, yaani kubahatisha kwamba utulivu utaendelea, waliumia vibaya, lakini tukio lile halikufuta faida ya mwaka uliotangulia kwa aliyekuwa ameshika hisa zake. Hofu hupanda kwa ghafla na huisha. Utulivu unaweza kudumu miaka. Kwa hiyo viwango vya chini vya viashiria hivi vina thamani ndogo kuliko vya juu.

Kuna njia moja ambayo soko la opsheni huathiri mwelekeo wenyewe, nayo hutajwa kwa nadra katika mafunzo ya haraka. Kampuni zinazoweka bei za opsheni kila dakika hazitaki kubahatisha upande. Zinapokuuzia opsheni ya kuuza, hujilinda kwa kuuza kiasi fulani cha hisa au mikataba ya baadaye ya fahirisi (makubaliano ya kununua au kuuza siku ijayo kwa bei iliyokubaliwa sasa). Bei ikishuka, hulazimika kuuza zaidi ili zibaki salama, na mauzo hayo huongeza kasi ya anguko. Zikiwa upande wa pili, yaani wateja ndio waliouza opsheni na kampuni ndizo zilizozinunua, hujilinda kwa kununua bei inaposhuka na kuuza inapopanda, na soko hutulia. Hii inasaidia kueleza kwa nini baadhi ya vipindi soko hutambaa kwa hatua ndogo ndogo na vingine hutikisika kwa nguvu bila habari kubwa. Wapo wanaouza makadirio ya msimamo huo. Yatazame kwa tahadhari, kwa sababu takwimu za wazi huonyesha mikataba mingapi ipo lakini hazionyeshi nani yuko upande upi, hivyo makadirio hayo yamejengwa juu ya dhana.

Ukiuliza mimi ningevitumiaje, ningeanza na bei. Wastani wa bei za siku 200 ni chombo kikavu lakini kinajibu swali lako halisi: kwa sehemu kubwa ya mwaka 2022 S&P 500 ilikaa chini ya wastani huo, na mtu hakuhitaji kiashiria kingine kujua mwelekeo. Nao una kasoro zake. Huchelewa, kwani baada ya anguko la 2020 fahirisi ilirudi juu ya wastani huo mwishoni mwa Mei, ikiwa imekwisha kupanda zaidi ya asilimia 30 kutoka chini. Na katika soko lisilo na mwelekeo humpeleka mtu huku na huko bila faida. Baada ya bei ningetazama VIX ikilinganishwa na ndugu yake wa miezi mitatu, anayeitwa VIX3M. Siku nyingi mtikisiko wa miezi mitatu huwa na bei ya juu kuliko wa siku 30, kwa kuwa muda mrefu una mengi yasiyojulikana. Mpangilio huo ukigeuka, watu wanalipa zaidi kwa kinga ya sasa hivi, na hapo hofu ni ya kweli. Mpangilio unaporejea katika hali yake huku bei zikiwa zimeacha kushuka, nina sababu mbili za kuamini kwamba msukosuko unapungua. Uwiano wa opsheni ningeuweka mwisho. Na kama lengo lako ni akiba ya miaka 15 au 20, chaguo la kuendelea kuweka kiasi kilekile kila mwezi bila kutazama lolote kati ya haya ni zuri kabisa, na kwa watu wengi wenye kazi na familia ndilo bora.

Kuhusu Nairobi, jibu ni fupi. Uwiano wa opsheni unahitaji soko la opsheni lenye biashara nyingi kila siku. Soko la Nairobi lilizindua kitengo chake cha mikataba ya namna hii Julai 2019, kikianza na mikataba ya baadaye ya fahirisi na ya kampuni chache kubwa, na hakijawa na wingi wa biashara unaoweza kutoa kipimo cha hisia za umati. VIX ya Marekani inaweza kukugusa kwa njia moja tu: hofu kubwa ya dunia huwafanya wawekezaji wa nje kuuza hisa za kampuni kubwa za Nairobi. Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, biashara ilisimamishwa kwa muda baada ya fahirisi ya kampuni 20 kushuka zaidi ya asilimia 5. Siku nyingine, hisa za benki na za simu za Nairobi huongozwa na faida za kampuni, riba na thamani ya shilingi, na Chicago haina la kukuambia.

Sasa mkopo. Tuseme hisa ina bei ya dola 50, nawe unanunua opsheni ya kununua kwa bei hiyohiyo ya 50, ukilipa dola 3 kwa hisa. Kwa mkataba wa hisa 100 umelipa dola 300. Hisa ikipanda hadi 52 siku mkataba unapoisha, umepatia mwelekeo, lakini mkataba wako una thamani ya dola 200 na umepoteza 100. Ikibaki 50, umepoteza zote. Kuna jambo la pili linaloikata kanuni ya mwalimu wenu katikati: VIX inapokuwa 35 au 40, opsheni za kununua nazo ni ghali, kwa sababu mtikisiko uleule umo ndani ya bei yake. Soko likigeuka na kupanda taratibu, VIX hushuka na thamani ya opsheni yako humomonyoka hata kama hisa inakwenda upande ulioutaka. Kwa maneno mengine, ishara yake inakutuma kununua bidhaa hii hasa siku zilizo ghali zaidi katika mwaka. Ukiongeza riba ya SACCO, makato ya kila mwezi kwenye mshahara na wadhamini ambao watalipa usipoweza, hasara haitakuwa yako peke yako. Ninakushauri waziwazi usichukue mkopo huo kwa kusudi hili.

Ikiwa bado unataka kujifunza opsheni, fungua akaunti ya majaribio isiyotumia fedha halisi, andika kila ishara na tarehe yake kabla matokeo hayajajulikana, na uendelee hivyo kwa mwaka mmoja angalau. Mwombe mwalimu wenu akuonyeshe rekodi yake ya namna hiyo, ikiwa na ishara zilizoshindwa pia, pamoja na leseni inayomruhusu kutoa ushauri wa uwekezaji. Kenya leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na Tanzania na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Zote mbili huchapisha orodha ya waliopewa leseni, kwa hiyo jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe. Kama umekwisha kuchukua mkopo, au umekwisha kufungua mikataba usiyoelewa mwisho wake, usisubiri ishara nyingine. Nenda ukaonane ana kwa ana na mshauri mwenye leseni, ukiwa na taarifa ya akaunti yako, karatasi za mkopo na tarehe ambazo mikataba yako inaisha muda, na umuulize kwanza kama kuna mkataba wowote uliouuza badala ya kuununua, kwa kuwa huo ndio unaoweza kukudai zaidi ya fedha ulizoweka.